Tufute kodi ya mapato tubaki na kodi ya matumizi peke yake? Watu wa Tanga tujadili kwa hesabu

Kaunta ya Makorora (mwenye uzi)

Wakuu habarini.

Hili wazo linazunguka sana siku hizi vijiweni na kwenye magrupu, kwamba serikali ifute kodi ya mapato yote, ya mishahara na ya biashara, tubaki na kodi moja tu ya nchi nzima ambayo mtu analipa pale anaponunua kitu. Ukinunua umelipa, hujanunua hudaiwi. Hakuna makadirio, hakuna kuitwa ofisini, hakuna kufungiwa duka. Wengine wanautolea mfano muswada wa Marekani unaoitwa FairTax. Mie nauza vifaa vya ujenzi, nimesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa hiyo ningetakiwa niwe wa kwanza kushangilia, ila silikubali hili wazo na nataka tulijadili kwa hesabu maana huko vijiweni linajadiliwa kwa hasira tu.

Kwanza tuelewane kwamba kodi ya matumizi tunayo zamani. VAT ilianza Julai 1998 ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo, ikaanza na asilimia 20, mwaka 2009 ikashushwa hadi 18, na sheria tunayoitumia ni ile ya 2014 iliyoanza Julai 2015. Kwa hiyo swali ni je, iwe peke yake? Na ikiwa peke yake haiwezi kubaki 18, maana lile pengo la PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) na kodi ya makampuni lazima mtu alizibe na huyo mtu ni mnunuzi.

Sasa tuchukue waajiriwa wawili. Wa kwanza analipwa laki 3 kwa mwezi, zinaisha zote. Tuseme nusu inaenda kwenye vitu visivyo na VAT, chumba cha kupanga, samaki wabichi, muhogo, mboga, na nusu inaenda kwenye vitu vyenye VAT. Ndani ya hiyo laki na nusu kuna VAT kama 22,900 (unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118). PAYE yake ni 2,400 tu kwa sababu laki mbili na sabini za mwanzo hazitozwi. Wa pili analipwa milioni 5, vitu vyenye VAT ananunua vya milioni moja na nusu, zinazobaki ananunua viwanja na nyingine zinalala benki. VAT yake kama 229,000, PAYE yake 1,328,000. (Nimeacha michango ya pensheni ili hesabu isiwe ndefu.)

Haya futa PAYE, pandisha VAT iwe asilimia 30 kwa mfano. Yule wa laki 3 anaokoa 2,400 na anaongezewa kama 15,000 kila mwezi, na hiyo 15,000 hana pa kuitoa. Yule wa milioni 5 anaongezewa kama 152,000 na anaokoa milioni moja na laki tatu. Nimeirudia hii hesabu kwenye kalkuleta mara kadhaa na inatoka vilevile. Kodi ya matumizi inamuumiza zaidi mtu ambaye kipato chake chote kinaishia dukani na sokoni, na hapa mjini kwetu huyo ndo mtu wa kawaida.

Ticha wa Muheza

Mkuu hesabu zako nimezielewa ila umemruka mtu wa kati. Mie mwalimu, mshahara unaotozwa kodi ukiwa laki 8 PAYE yake ni 78,000, inakatwa kabla sijaiona. Sina pa kuficha, sina wa kujadiliana naye, mwezi kwa mwezi. Halafu huku kwetu msimu wa machungwa unawaona watu wanapakia fuso zinaondoka usiku na mchana, mtu ana fuso mbili na nyumba za kupangisha, ukimuuliza habari ya kodi ya mapato anakuangalia tu. Lakini huyo huyo ananunua tairi, simu, bati, friji. Kodi ikiwa kwenye manunuzi hana ujanja, analipa kama mie. Hao wanaotaka kodi moja mie nawaelewa sana, wengi ni watu wa mshahara waliochoka kubeba nchi peke yao.

Na nikwambie kitu kingine, mfanyakazi hana hata nafasi ya kusema nilikuwa na gharama. Mwenye duka anaandika gharama zake mpaka mafuta ya pikipiki, mie nauli ya kwenda shule, chaki nazonunua mwenyewe, vocha za kuwapigia wazazi, vyote juu yangu na kodi iko palepale.

Mama Sabuni Mgandini

Naomba na mie niseme maana kila uzi wa kodi sie wauzaji wadogo tunasemwa kwamba hatulipi. Mie nauza sabuni, dawa za meno, pampasi, vitu vya nyumbani, sijasajiliwa VAT kwa sababu mauzo yangu hayafiki huko, kiwango ni milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, zamani ilikuwa milioni 100. Nikienda kwa mtu wa jumla kuchukua katoni ya sabuni napewa risiti, na chini ya risiti pale kuna mstari wa kodi, asilimia 18, imeandikwa na shilingi zake. Hiyo nimelipa mie na hakuna wa kunirudishia. Aliyesajiliwa anaitoa kwenye hesabu zake, mie siwezi, kwa hiyo naiingiza kwenye bei ya kipande na anailipa mama anayekuja na buku yake anataka kipande kimoja.

Juu ya hapo nililipa elfu 20 ya kile kitambulisho cha wajasiriamali kipindi kile, kuna ushuru wa soko, kuna kodi ya mwaka nayokadiriwa. Kwa hiyo mtu akisema kodi ya matumizi italeta usawa kwa sababu kila mtu atalipa, mie nalipa tangu 1998 jamani.

Mtanga Houston

Salam kutoka mbali ndugu zangu. Kwa kuwa watu wanatumia Marekani kama mfano nieleze nilivyoijua.

Serikali kuu ya huku haina VAT wala kodi ya mauzo ya nchi nzima. Inaishi kwa kodi ya mapato, iliyoruhusiwa na badiliko la 16 la katiba yao mwaka 1913, pamoja na makato ya pensheni na afya kwenye mishahara. Kodi ya mauzo ni mambo ya majimbo. Hapa Texas jimbo halitozi mshahara kabisa, linatoza mauzo asilimia 6.25, miji ikiongeza ya kwao inafika 8.25, na vyakula vingi vya kupika nyumbani vimeachwa nje. Kuna majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo, Oregon na Delaware ni miongoni mwao.

Huo FairTax ni muswada uliopelekwa bungeni mara ya kwanza 1999 na umekuwa ukirudishwa tena na tena bila kupita. Unataka kufuta kodi ya mapato na kuifunga IRS, mamlaka yao ya kodi. Wanasema asilimia 23, lakini hiyo 23 inahesabiwa ndani ya bei. Kitu cha 7,700 kinaongezwa 2,300 unalipa 10,000. Sie tulivyozoea kuhesabu VAT juu ya bei hiyo ni asilimia 30 kasoro kidogo. Wengi wanaoutaja huko nyumbani hawajui hilo.

Ila tusiwaonee, ndani ya muswada kuna kitu cha kumlinda maskini. Kila kaya, awe tajiri awe maskini, inapewa hela kila mwezi na serikali ya kufidia kodi ya mahitaji ya msingi. Wanaouleta nyumbani hiyo sehemu wanaiacha, na bila hiyo sehemu muswada wenyewe hausimami.

Kaunta ya Makorora

Ahsante ndugu wa Houston, umeniletea kitu nilichokuwa nakitafuta. Hiyo hela ya kila kaya kwetu tungeipitisha wapi? Tunayo TASAF, mfuko wa serikali unaozipa hela kaya maskini, na imesaidia kaya nyingi, lakini kila mtu hapa anajua kelele zinazotokea mtaani orodha ikitoka, nani kaingia nani kaachwa. Huko ni kaya maskini tu zinazotafutwa. Sasa uambiwe kaya zote za nchi, kila mwezi, bila kuchelewa, maana ikichelewa mwezi mmoja yule wa laki 3 ameshailipa kodi ya 30 na fidia hajaiona.

Ticha nakurudia wewe, hoja yako nzito. Ila kuna kitu kuhusu ukusanyaji ambacho mtu asiyekaa kaunta hakioni.

VAT inakusanywa kidogo kidogo njiani. Tuseme mfuko wa sementi naununua kwa wakala 12,000 na VAT 2,160 juu yake. Nauza 13,000 na VAT 2,340. Serikali naipelekea tofauti, 180. Zile 2,160 zilishachukuliwa huko nyuma kwa wakala na kiwandani Pongwe. Mie hata nikiwa mtu wa hovyo nikauza bila risiti, serikali inakosa 180 tu kwenye huo mfuko, na mie nakosa haki ya kujirudishia ile 2,160 kwa mauzo niliyoyaficha. Ndo maana hii mashine ya EFD, ya kutoa risiti za kodi, inafanya kazi hata kama watu wanaichukia, kila mtu anataka risiti ya aliyemuuzia.

Kodi ya mauzo ya rejareja kama ya FairTax inangoja mwisho kabisa. Kiwandani bure, kwa wakala bure, yote inakaa kwa muuzaji wa mwisho. Mfuko wa 13,000 kwa asilimia 30 ni 3,900. Mzigo mmoja wa mifuko 30 ni 117,000 ziko mkononi mwa mtu mmoja na mteja anamwambia bosi niuzie bila risiti tugawane. Na muuzaji wa mwisho Tanga ni nani? Ni genge, ni kibanda, ni mtu na toroli. Umeichukua kodi yote ya nchi umeiweka sehemu isiyo na mashine wala vitabu.

Na sementi hiyo hiyo tangu Julai 2023 ina ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yani buku kwa mfuko wa kilo 50, kabla hatujagusa VAT. Anayejenga chumba kimoja cha kujihifadhi kule Pongwe analipa buku ile ile kwa mfuko kama anayejenga ghorofa Raskazone.

Baharia wa Sahare

Nyie mnaongelea risiti, mie niongelee bahari. Kodi ikifika 30 hiyo mizigo haitapita barabarani. Tuna mpaka Horohoro, upande wa pili Kenya VAT yao 16, kwa 18 yetu tu na ushuru wa forodha watu wanapita njia za panya na pikipiki usiku. Pwani yote hii kuanzia Moa, Jasini huko, uje mpaka Pangani, kuna bandari bubu ambazo jahazi linashusha alfajiri na kufika saa mbili asubuhi hakuna kitu mchangani. Mafuta ya kula, mchele, sukari, vitenge. Hapo bado sijataja Pemba ambako Zanzibar wana sheria yao ya VAT tofauti na ya Bara.

Serikali ikiongeza faida ya magendo vijana wataacha nyavu. Nasema nikiwa nawaona, kijana anayevua usiku kucha anarudi na ndoo moja ya dagaa, mwenzie kabeba madumu safari moja kapata mara tano.

Ticha wa Muheza

Baharia umesema kweli lakini hiyo ni hoja ya kulinda mpaka, sio ya kukataa kodi. Mbona Oman hawatozi mshahara na nchi inaenda? Nusu ya watu wa pwani hii wana ndugu kule.

Muscat Kwetu

Ticha nipo huku. Kweli mshahara hautozwi, unapewa wote. VAT ni asilimia 5, imeanza Aprili 2021, zamani haikuwepo kabisa. Lakini nchi inaishi kwa mafuta na gesi, sio kwa hiyo 5. Na pamoja na mafuta yote hayo, mwaka 2025 wametoa sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, itaanza 2028, asilimia 5 kwa anayezidisha riali 42,000 kwa mwaka. Yani wao wanaelekea kule ambako nyie mnataka kuondoka. Wamemuanza mwenye kipato kikubwa, kibarua wa chini hawajamgusa.

Kaunta ya Makorora

Umenisaidia sana Muscat. Na Japani ni hivyo hivyo. Walianza kodi ya matumizi 1989 kwa asilimia 3, ikaenda 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014, 10 Oktoba 2019. Miaka 30 kuitoa 3 mpaka 10, chakula wakakiacha kwenye 8, na kodi ya mapato hawakuigusa kuifuta. Malaysia waliweka GST, kodi ya matumizi kama VAT, ya asilimia 6 Aprili 2015, watu wakachukia, ikawa moja ya mambo yaliyoiangusha serikali kwenye uchaguzi wa 2018, Juni mwaka huo huo ikashushwa kuwa sifuri.

Hapa jirani Kenya 2024, muswada wa fedha ulitaka kuweka VAT ya 16 kwenye mkate. Mkate jamani. Walikuja kuutoa mkate kabla, lakini hasira ilishapanda na mnajua kilichotokea kwenye maandamano ya Juni 25 na vijana waliokufa. Kesho yake rais akakataa kuusaini muswada wote. Mtu wa mshahara wa milioni 5 hakuingia barabarani kwa ajili ya mkate.

Na sie wenyewe tozo ya miamala ya simu tuliionja, Julai 2021, ikawekwa kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, 2022 ikapunguzwa tena, 2023 ikaondolewa kwenye kutumiana kwa simu. Ile ilikuwa kodi ya kila mtu kweli, na watu walifanya nini? Walirudi kumpa hela dereva wa basi apeleke Lushoto.

Mhasibu Chumbageni

Nimesoma wote, naongeza kitu kimoja ambacho kila mjadala wa VAT unakikosa. Watu wanadai "ondoeni VAT kwenye kitu fulani" na serikali ikiondoa bei haishuki, wanasema wafanyabiashara wezi. Mara nyingine ni wezi kweli. Lakini angalieni taulo za kike. Julai 2018 zilipewa msamaha wa VAT. Bei mtaani haikushuka, na bajeti ya 2019 ikaurudisha VAT kwa sababu hiyo hiyo.

Msamaha na asilimia sifuri ni vitu viwili. Ukipewa sifuri, mteja hatozwi na wewe uliyetengeneza unarudishiwa VAT uliyolipa kwenye malighafi, umeme, vifungashio. Mkonge wetu unaouzwa nje uko hivyo. Ukipewa msamaha, mteja hatozwi lakini VAT uliyolipa nyuma hurudishiwi, kwa hiyo unaificha ndani ya bei, kama Mama Sabuni alivyoeleza kuhusu katoni yake. Kiwanda cha ndani kinaumia zaidi kwa sababu kimelipa VAT kwenye vitu vingi njiani. Kwa hiyo msichana wa shule aliahidiwa taulo za bei nafuu kwa kutumia njia ambayo tangu mwanzo ilikuwa haiwezi kushusha bei vya kutosha, halafu akanyang'anywa kwa kuambiwa bei haikushuka. Mie hilo linaniuma mpaka leo.

Serikali inaogopa sifuri kwa sababu inabidi itoe hela mkononi kurudisha, na marejesho yakichelewa mfanyabiashara mtaji wake unakwama. Hapo ndo pa kurekebisha.

Mama Sabuni Mgandini

Mhasibu ahsante, mie nauza hizo taulo na kipindi kile wateja walinitukana. Binti anakuja ameshasikia redioni zimeshuka, mie nimezichukua jumla kwa bei ile ile, namuuziaje chini? Wengine walikuwa wananunua pakiti moja dada watatu wanagawana.

Ticha wa Muheza

Shuleni kwangu wasichana wanakosa masomo kwa hilo, naliona kila mwezi. Hapo kwenye sifuri nimekubali. Na ile hesabu ya milioni 5 nimeirudia mwenyewe usiku, sina la kuipinga. Ila mtu wa fuso mbili bado hamjanijibu.

Kaunta ya Makorora

Ticha nakujibu. Mtu wa fuso mbili anajulikana. Fuso zina namba na zimesajiliwa kwa jina, nyumba zina mita za umeme na kodi ya majengo tayari inakatwa kwenye luku, mzigo unapita kwenye mizani na mageti ya ushuru wa mazao. Taarifa zake zote serikali inazo mezani, kinachokosekana ni kuziunganisha na kumwandikia makadirio yanayofanana na anachoingiza. Huyo adaiwe kodi ya mapato yake, wewe ushushiwe hiyo 78,000. Ukiifuta kodi ya mapato umemsamehe yeye moja kwa moja halafu unategemea kumpata kwenye friji na tairi, na tairi yenyewe Baharia kashatuambia itakuja kwa jahazi.

Kwa hiyo msimamo wangu uko palepale na nauandika wazi kama kuna mbunge wetu anapita hapa. VAT ibaki ilivyo isipande. Kodi ya mapato ibaki, kile kiwango cha laki mbili na sabini kisichotozwa kipandishwe maana maisha yamepanda. Taulo za kike, sabuni ya kufulia na dawa ya meno ziwekwe asilimia sifuri, sio msamaha, na marejesho ya viwanda yalipwe kwa wakati. Na ushuru wa buku kwenye sementi uondolewe, hapo nina maslahi yangu sikatai, lakini waulizeni mafundi wa Pongwe ni nyumba ngapi zimesimama kwenye lenta.

Mhasibu Chumbageni

Dawa ya meno sikubaliani, ukianza orodha haina mwisho, kila kiwanda kitakuja na kitu chake. Mie ningeacha taulo na sabuni basi.

Mama Sabuni Mgandini

Sabuni ya mche au ya unga? Maana maskini wananunua ya mche, na ya kukata vipande.

Mhasibu Chumbageni

Ya mche dada.